Kiti cha Ilimbo

"Kiti ulichokikataa ndicho kitakachokuhukumu."

Maneno hayo Mama Chausiku alimwambia Brayson juzi, birika mkononi. Vijana wanaojitolea katika ofisi yetu ya msaada wa kisheria hapa Singida walikuwa wakinywa chai ya saa nne. Brayson alikuwa ametoka kuzungumza na mjomba wake kwenye simu. Mjomba alikuwa amemtafutia nafasi ya mtendaji wa kijiji, mbali huko, kusiko hata na lami.

"Shahada ya sheria," Brayson akawaambia wenzake, "halafu nikawe mtendaji wa kijiji! Nikakimbizane na watu michango ya choo cha shule! Bora nikae hapa bure."

Wenzake wakacheka. Mama Chausiku hakucheka. Akammiminia chai, akasema maneno yale, akarudi jikoni kwake.

Mimi nilikuwa mezani kwangu nasoma jalada la mama mmoja aliyedhulumiwa mirathi. Nikaona wananigeukia. Nuru, ambaye ndiye mwenye kuuliza, akauliza.

"Mheshimiwa, hiyo ni methali, au mama ametunga tu?"

Wananiita mheshimiwa ingawa uhakimu nimestaafu. Nimewakataza, hawasikii.

"Ni methali," nikawaambia. "Mama Chausiku kwao ni Ilimbo, na watu wa Ilimbo wanaijua kama wanavyojua njia ya kisimani. Ilipozaliwa mimi nilikuwepo. Wekeni simu zenu chini niwaeleze. Na wewe Brayson. Hasa wewe."

Chanzo chake ni hiki.

Mwaka tuliomaliza chuo, Ezekia Ntandu na mimi, serikali ilikuwa imeishiwa. Waliotutangulia walipomaliza sheria walikuta barua ya kazi inawangoja, na wengine walichagua kazi kama mtu anavyochagua kitenge dukani: hiki sikipendi, nipe kile. Sisi tulikuta duka limefungwa. Ajira zimesitishwa. Watu waliokuwa kazini wanapunguzwa, ushirika umekufa, viwanda vinauzwa, na baba za watu wanarudi vijijini na godoro kichwani. Tukarudi Singida na vyeti vyetu kwenye bahasha, tukawa tunavitoa jioni kuviangalia kama havijaliwa na mende.

Ezekia alikuwa mtoto wa kwanza wa Ilimbo kusoma sheria. Alikuwa na akili kutuzidi sote, nasema hivyo bila kumpamba. Baba yake, Mzee Ntandu, aliuza maksai wake ili mtoto amalize shule, akabaki analima kwa jembe la mkono katika umri ambao wenzake walikuwa wanaota jua barazani. Hakulalamika. Kwenye kilabu cha pombe alikuwa akisema, "Mimi ninyimeni vyote, lakini mwanangu atakuwa jaji." Watu wakamzoea, na Ezekia mwenyewe wakamwita Jaji kabla hajapata hata stuli ya kukalia.

Sasa, mjini hapa alikuwepo mama mmoja, Mama Rwegoshora. Alikuwa Mhaya, hakimu mkazi mstaafu, mumewe alikufa hapa na yeye akabaki hapa. Mwanamke mkali. Ukimwamkia kwa kuvuta maneno anakuuliza kama umeumwa. Lakini kila kijana wa mkoa huu aliyerudi na cheti cha sheria asijue pa kukipeleka, sebule yake ilikuwa wazi, na uji ulikuwepo.

Mama huyu alichukua tatizo letu akalifanya lake. Alikwenda ofisi hii akaambiwa, "Mama, hata wafagiaji tunawapunguza." Akaenda ile akaambiwa asubiri. Alikuwa na mguu unaomsumbua, akawa anakwenda hivyo hivyo akichechemea, na mkoba wake wa ngozi, anakaa kwenye mabenchi ya watu aliowahi kuwafundisha kazi. Waliwahi kusimama akiingia, na sasa walimwacha akae mpaka saa saba. Mwishowe akagundua jambo: kulikuwa na mahakama za mwanzo mbili zisizo na hakimu kabisa, Kisarika na Ilimbo. Mahakimu wa mahakama za mwanzo wakati ule walikuwa watu wa cheti. Mwenye shahada hakuwekwa pale, na wala hakupataka. Mama Rwegoshora akabishana na wakubwa mpaka wakachoka. Wakamwambia, haya, tutawachukua wawili, lakini kwa mshahara wa cheti.

Akatuita. Namwona mpaka leo, amekaa na mguu wake juu ya kigoda.

"Nimepata viti viwili," akasema. "Anjelina, wewe Kisarika. Ezekia, wewe Ilimbo."

Mimi nilitoka pale nikaenda chooni nikalia. Sikulia kwa furaha, msije mkanisingizia. Nililia kwa aibu. Marafiki zangu waliposikia walinipachika jina, Hakimu wa Kuku, kwa kuwa kule kesi ni za kuku, mbuzi, na waliotukanana kisimani. Lakini kwetu tulikuwa wengi na mimi ndiye mkubwa. Nikaenda.

Ezekia alipanda lori la alizeti akaenda kuiona mahakama ya Ilimbo, ingawa alikuwa ameiona tangu utoto. Safari hii aliiona kwa macho ya mtu wa chuo kikuu. Ukuta una ufa, popo darini, na kiti cha hakimu kimevunjika mguu, kimefungwa kwa kamba ya katani. Akarudi kwa Mama Rwegoshora. Nilikuwepo.

"Mama, nakushukuru sana," akasema. "Lakini kiti kile hakikaliki."

"Kifunge kamba vizuri."

"Si kamba, Mama. Ukianza kazi kwa mshahara wa cheti, utastaafu kwa mshahara wa cheti. Hawakupandishi. Nitasubiri. Hali ikitengemaa nafasi za mawakili wa serikali zitatoka."

Msimcheke. Sote tuliamini hivyo. Tuliambizana hivyo mabwenini kama watu wanavyoambizana mwiko: serikalini ngazi unayoingilia ndiyo utakayoishia, kwa hiyo usikanyage ya chini hata kwa kidole. Nani alituambia, sijui. Aliyetuambia hakuwa na njaa.

Mama Rwegoshora akamtazama. "Na Ilimbo atakaa nani?"

"Watapata mtu, Mama."

"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo ninaloogopa. Watapata."

Baba yake Ezekia aliposikia hakumgombeza. Ezekia mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Mzee alikuwa anapalilia, akaegemea jembe akasema, "Mwanangu, huko juu kuna mahakama kubwa, tumesikia. Lakini sisi hapa mahakama tunayoijua ni hiyo." Kisha akaendelea kupalilia. Ezekia akadhani mzee haelewi mambo ya ngazi.

Mtu akapatikana. Aliitwa Bwana Kasembe. Alikuwa karani wa ushirika, ushirika ulipokufa akapewa mafunzo ya muda mfupi akaletwa Ilimbo. Watu hupenda niseme alikuwa mla rushwa, maana hadithi inakuwa tamu. Sikumwona akila, siwezi kusema. Nilichokiona ni mtu mwenye haraka. Alikuwa amekwishapoteza kazi moja na hakuiamini ya pili, kwa hiyo alifuga mbuzi na kuwauza mnadani, na mnada wa Ilimbo ulikuwa siku ile ile ya mahakama. Asubuhi aliwafunga mbuzi wake kwenye nguzo ya mahakama, akaingia kusikiliza kesi huku sikio moja liko nje. Mbuzi wakilia, kesi inafupishwa.

Ezekia akasubiri. Alikaa hapa mjini kwa binamu yake, akifundisha watoto wa watu masomo ya ziada, akipiga pasi shati lake jeupe kila Jumatatu na kwenda kusoma matangazo ukutani. Msimu wa mvua ukapita. Watu wakavuna. Matangazo yalikuwa ya minada ya mali za mashirika yaliyokufa.

Hapo ndipo Mzee Ntandu alipopata jirani. Bwana Mkumbo, mnunuzi wa alizeti, alinunua shamba la pembeni yake. Mnajua minyaa inavyopandwa huku kwetu kuwa mpaka. Bwana Mkumbo akapanda minyaa, lakini akaipanda ndani ya shamba la Mzee Ntandu, hatua nyingi ndani, mpaka akalizunguka kaburi la mama wa mzee. Mzee alikwenda akamwambia, hakusikilizwa. Akaing'oa yote akaipanga vizuri pembeni, asije akaambiwa kaiiba. Bwana Mkumbo akaenda kushtaki, na mzee akafikishwa mahakamani kwa kuharibu mali ya mtu kwa makusudi.

Nikasimama hapo katika kusimulia, nikawauliza vijana. "Ninyi mmesoma. Mtu aking'oa kitu katika shamba analoamini kwa dhati kuwa ni lake, ana kosa la jinai?"

"Hana," Nuru akasema. "Kwanza iamuliwe shamba ni la nani, na hayo ni madai, si jinai."

"Umeona? Umejibu na kitumbua mdomoni. Ni jambo la mwaka wa kwanza hilo."

Ezekia alilijua kuliko Nuru. Alikuja mbio Ilimbo siku ya kesi, na mimi nikamsindikiza kutoka Kisarika, kwa kuwa siku ya mnada kwangu hakuna mtu anayebaki wa kushtakiwa. Njiani alikuwa akinieleza kesi zilizokwisha kuamuliwa juu ya jambo hilo, moja baada ya nyingine, kwa majina. Nikamwambia, "Ezekia, unamweleza nani? Mahakama ya mwanzo wakili haingii." Ndivyo ilivyokuwa sheria miaka ile. Akanijibu kuwa atasimama kama mtoto. Nikamwambia ingekuwa kesi ya madai, ndugu angeweza kuruhusiwa, lakini hii ni ya jinai, mshtakiwa anajisemea mwenyewe. Akaongeza mwendo.

Chumba kilijaa. Hakimu Kasembe alikuwa juu ya kile kiti cha kamba, na wazee wawili wa baraza kando yake. Mmoja aliitwa Mzee Hango. Wa pili alikuwa mtu wa kuitikia. Bwana Mkumbo akasema yake. Mzee Ntandu akaulizwa kama ameng'oa minyaa.

"Nimeing'oa," akasema. "Ilikuwa shambani kwangu. Mama yangu amelala pale."

"Kwa hiyo umekiri," hakimu akasema, akaandika.

Ezekia akasimama kule nyuma. "Mheshimiwa, naomba niseme."

"Wewe nani?"

"Mtoto wake. Ezekia Ntandu. Mheshimiwa, hajakiri kosa. Amesema shamba ni lake. Mtu akiamini hivyo kwa dhati..."

"Umesoma sheria?"

"Nimesoma, mheshimiwa."

"Basi unajua mwanasheria hasemi humu. Au hilo hawakukufundisha?" Watu wakacheka kidogo. Hakimu akaweka kalamu chini akamwangalia vizuri. "Ezekia Ntandu. Si wewe uliyeombewa kituo hiki?"

Ezekia akakitazama kile kiti.

"Ni wewe. Niliambiwa. Walikupa kiti hiki ukasema hakikaliki." Hakusema kwa ubaya, hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo la kawaida. "Mimi nilikuwa sina kazi, nikakikalia. Sasa niache nikifanyie kazi, bwana. Keti."

Nje mbuzi mmoja akalia.

Ezekia hakuketi. Alibaki amesimama, mdomo wazi, na sheria yote ile kifuani. Ikawa baba yake ndiye aliyegeuka kizimbani akamwambia kwa upole, "Eze, kaa chini mwanangu. Utawekwa ndani na wewe."

Akakaa.

Mzee Hango alisema hana kosa. Yule mzee wa pili alipoulizwa akasema anavyoona hakimu na yeye anaona. Wawili kwa mmoja. Miezi sita jela. Kesi yote haikumaliza muda wa kuchemsha maharage. Nilipotoka nje hakimu alikuwa amekwisha kuwafungua mbuzi wake.

Ezekia aliandika sababu za rufaa siku ile ile, kwenye benchi la mahakama, na nimeona maandishi mengi maishani lakini sijaona mazuri kama yale. Akazipeleka mahakama ya wilaya, akaomba na dhamana wakati rufaa inasubiriwa. Wakamwambia vizuri, tuletee jalada la Ilimbo tuone kilichotokea. Akarudi Ilimbo. Bwana Kasembe akamwambia karatasi za kunakilia hakuna, serikali haijaleta. Ilikuwa kweli, hata mimi Kisarika nilikuwa naandika hukumu nyuma ya fomu za zamani. Ezekia akauza saa yake akanunua rimu nzima. Aliporudi nayo akakuta hakimu amekwenda kwao msibani, na ufunguo wa kabati amekwenda nao.

Mama Rwegoshora alipopata habari alikwenda wilayani kwa mguu wake ule mbovu. Akafoka, akaombwa radhi, akapewa kiti na chai. Jalada halikuja.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mnajua upepo wa mwezi wa saba hapa kwetu. Mzee Ntandu alikuwa na pumu, na gerezani kule walilala chini, wengi, blanketi moja kwa watu watatu. Nilikwenda na Ezekia kumwona mara moja. Alikuwa amekonda, anahema kwa mabega. Ezekia akaanza kumweleza habari za jalada na ufunguo. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ile nafasi yako, imetoka?"

Ezekia akasema bado, baba.

"Itatoka," mzee akasema. "Usikate tamaa."

Alikufa wiki iliyofuata, kabla Bwana Kasembe hajarudi na ufunguo.

Hapo ofisini Nuru aliweka kitumbua chake chini. Brayson, ambaye hapendi kushindwa, akakohoa. Akasema, "Lakini Mheshimiwa, hata kama angekikubali kile kiti, asingeweza kumhukumu baba yake mzazi. Sheria inamkataza. Angejitoa."

"Angejitoa," nikamwambia. "Umesema sawa, na Ezekia naye alijaribu kujificha hapo hapo. Mama Rwegoshora alikwisha kulifikiria hilo tangu anaomba vile viti. Mashauri ya ndugu zake Ezekia yalikuwa yaletwe mahakama ya jirani. Unajua mahakama ya jirani ni ipi?"

Akaangalia kikombe chake.

"Kisarika. Kesi ya Mzee Ntandu ilikuwa ije kwangu, kwa Hakimu wa Kuku. Ningemuuliza Bwana Mkumbo swali moja tu, shamba ni la nani, nikamwambia aende akafungue madai. Mzee angerudi nyumbani kula ugali wake."

Na rufaa? Vijana wa sheria mnajua jibu, semeni. Mfungwa akifa, rufaa yake ya kifungo inakufa naye. Jalada lilipofika wilayani, hakimu wa wilaya alilifungua na kulifunga. Zile sababu nzuri hakuzisoma, hakukuwa na mtu wa kumwachia huru. Kwa hiyo mpaka leo, kwenye vitabu, Mzee Ntandu ni mkosaji. Aliyeng'oa minyaa kwenye kaburi la mama yake ni mharibifu wa mali, na hakuna mahakama duniani itakayolifuta hilo.

Mazishini Mama Rwegoshora hakumwambia Ezekia neno lolote la "nilikwambia". Alikaa na mama yake Ezekia kwenye mkeka. Ezekia akamfuata, akapiga magoti.

"Mama, kile kiti..."

"Kimekaliwa," akamjibu. Basi.

Bwana Kasembe hakufukuzwa kwa ajili ya kesi ile, wala hakukemewa. Mbuzi walimlipa kuliko serikali, akaacha kazi akafungua duka mnadani. Kiti kikawa wazi tena. Na mwezi huo huo, kama kwamba kuna mtu anatukomoa, hali ikalegea kidogo, tangazo likabandikwa: nafasi za mawakili wa serikali. Ezekia aliitwa, akahojiwa, akapata. Ile aliyoisubiri, kwa ngazi aliyoitaka.

Akaenda kwa Mama Rwegoshora akamwambia hataki, amwombee Ilimbo.

Mama akakasirika. "Usiende pale kujiadhibu. Watu wa Ilimbo si fimbo yako ya kujichapia. Kama unakwenda kulia, kaa nyumbani ulie."

"Siendi kulia, Mama. Naona tu sitaweza kukaa pengine."

Akamwombea. Safari hii hakukuwa na ubishi mrefu, nani aligombea Ilimbo?

Siku yake ya kwanza nilikwenda. Alikuwa amekifunga kile kiti kwa kamba mpya, yeye mwenyewe. Akasikiliza kesi ya mbuzi, akasikiliza ya matusi, taratibu, kila mtu akaachiwa aseme mpaka maneno yakamwishia. Na mama yake alikuwepo. Aliingia asubuhi kabla ya wote, mjane bado amefunga kitambaa cha msiba, akakaa benchi la mwisho, pale pale Ezekia alipokuwa amekaa siku ile. Kesi zikaisha, watu wakatoka, yeye hakutoka. Ikabidi Ezekia amuulize kutoka juu kule, maana ndiyo kawaida, asiyetoka ana shauri.

"Mama, una shauri?"

"Sina shauri, mheshimiwa," akasema mama yake. "Nimekuja kuangalia kama kinakalika."

Ezekia akainamisha kichwa. Mzee Hango, aliyekuwa kando yake, alinambia baadaye kuwa aliona machozi yanadondokea kitabu cha mahakama.

Mama akamtazama kwa muda, juu mpaka chini, mwanawe na kiti.

"Kumbe kinakalika," akasema. Akajifunga khanga yake vizuri, akatoka, akaenda zake nyumbani kwenye shamba lenye makaburi mawili sasa.

Ezekia alikaa Ilimbo mpaka akastaafu. Waliwahi kumwita apande, mara mbili ninazozijua mimi, akakataa. Watu walimpenda, alikuwa hakimu mzuri kupita sisi wote, na sikumwona akicheka mle ndani hata siku moja. Kesi ikija ya minyaa, alikwenda kwanza shambani kwa miguu kuuona mpaka. Mimi nilijua kwa nini. Wengine tulikalia viti vyetu tukawahukumu watu. Yeye kila asubuhi alipokikalia kile, kilimsomea shtaka lake, na hapakuwa na wa kumkatia rufaa. Alifariki mwaka juzi. Tulimzika kwao, kando ya baba yake.

Mzee Hango ndiye aliyeyatoa maneno yale. Alitoka mahakamani siku ile ya kwanza akaenda kilabuni, watu wakamuuliza, vipi Jaji wetu, ameanza vizuri? Akanywa kwanza. Akawaambia ameanza vizuri. Kisha akayasema, na tangu siku hiyo Ilimbo wanawaambia hivyo watoto wao wanaodharau kazi, wanaodharau wachumba, wanaoogopa kuchaguliwa ujumbe wa kijiji wakamwachia mlevi.

Mama Chausiku alikuwa amerudi kuchukua vikombe. Cha Brayson kilikuwa bado kimejaa, chai imepoa na utando juu. Akakinyanyua, akakiangalia, akamwangalia mwenyewe.

"Mjomba wako kasema hicho kijiji kinaitwaje?" akamuuliza.

Brayson akalitaja jina kwa sauti ndogo.

"Nako kuna watu," Mama Chausiku akasema, akaondoka na sinia lake.

Nikarudi kwenye jalada langu la mirathi. Sikuwa na la kuongeza. Mzee Hango alikwisha kulisema lote kilabuni kule, kibuyu mkononi: kiti ulichokikataa ndicho kitakachokuhukumu.